Doria za Shemeji Tadei

Kwa miaka kumi na mitatu nilisema mbele za watu kwamba shemeji yangu Tadei hajawahi kufika kwenye kilele cha Matogoro, na kwa miaka kumi na mitatu watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka. Ulikuwa uongo wa utani, kama mtu anavyomwambia shemeji yake kwamba anaiba kuku wa padre. Sikujua kwamba nasema kweli. Nilipokuja kujua zilikuwa zimebaki siku tatu tu kufika Ijumaa Kuu, na watu thelathini na mmoja walikuwa wamejiandikisha kumfuata mpaka juu.

Majina yao niliyaandika mimi, Mwalimu Lukresia, kwa sababu nilikuwa katibu wa jumuiya yetu ya kanisa pale Matogoro. Mwalimu wa shule ya msingi hakwepi ukatibu. Ukionekana tu na kalamu nyekundu mfukoni, umekwisha. Kwa hiyo nikisimulia habari hii sijitoi. Nilikuwamo tangu mwanzo, na kelele zangu zilikuwa kubwa kuliko za wote.

Tadei alimwoa dada yangu Leticia mwaka 1981, na mwaka uliofuata akapata kazi ya ulinzi wa msitu. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, msemaji wa taratibu, mtu wa kufunga vifungo vyote vya shati mpaka kile cha shingoni. Alipewa sare ya kijani, panga na daftari la doria. Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi alitakiwa kupanda mpaka kileleni, pale ilipo nguzo ya saruji ya wapima ardhi, aangalie kama kuna moto au watu wanaopasua mbao kwa siri, kisha aandike alichokiona na kutia sahihi. Nyumba yangu ilikuwa njiani. Saa kumi na mbili asubuhi nilimwona akipita na kidumu chake cha togwa, na saa kumi na moja jioni nilimwona akirudi, matope mpaka magotini. Matope yalikuwa ya kweli.

Kwetu shemeji ni mtani wako, na ukimwacha apite bila kumchokoza ataulizia nyumbani kama umekasirika. Mimi sikumwacha apite hata siku moja. "Mlamu," nilimpigia kelele kutoka jikoni, "leo unalala chini ya msonobari upi?" Jioni nilimwuliza kama matope amejipaka mwenyewe au amepakwa na mtu. Kwenye ubatizo, kipaimara na harusi, nikipewa nafasi ya kusema neno nilisimama na kueleza jinsi Tadei anavyofika kwenye misonobari, anavyokunywa togwa yake, anavyolala mpaka jua lipinduke, kisha anavyotafuta dimbwi la kujichafulia. Watu walishika mbavu. Yeye alinijibu kwamba nina wivu, kwamba miguu yangu haiwezi kupanda hata kichuguu. Basi tulipendana namna hiyo.

Mwaka 1995 watumishi wa serikali walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Alirudisha panga na sare, akaingia sokoni kuuza viatu vya mitumba, maana miaka ile ya ruksa nusu ya mji ilikuwa inauza kitu fulani kwa nusu nyingine. Lakini jina la utani la Bwana Kilele lilibaki naye. Wateja walimwuliza habari za mlima huku wanajaribu viatu, naye aliwasimulia: jiwe lenye umbo la kiti, chemchemi inayoumiza meno kwa baridi, mkuyu uliopasuka katikati wenye nyuki ndani, nyayo za chui kwenye mchanga mweusi. Alisimulia vizuri. Hata mimi nilipenda kumsikiliza.

Wazo la kupanda lilikuwa la Kajetani, mwenyekiti wetu, fundi seremala mwenye sauti nzito. Tulikuwa tumekaa uani kwake wiki ya kwanza ya Kwaresima mwaka 1996.

"Wenzetu wa Mshangano wamenunua kinanda," alisema. "Pasaka hii watatupigia mpaka tuone aibu kuingia kanisani. Sisi kinanda hatuna. Lakini mlima tunao, na anayeujua mlima tunaye. Ijumaa Kuu tutafanya Njia ya Msalaba mpaka kileleni, na msalaba wenyewe tutausimika huko juu, uonekane mjini kote."

Watu walipiga makofi, wote wakamgeukia Tadei. Alikuwa anakwangua udongo kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti.

"Mwenyekiti," alisema, "mlima ule siyo wa watu wengi. Halafu mwezi wa nne mvua bado zipo."

"Ndiyo maana tuna wewe," Kajetani alimjibu.

Nami nikasimama, nikasema kwamba Mungu ni mkubwa, hatimaye shemeji yangu ataona kilele kwa macho yake. Kicheko kilichotoka pale kilifukuza kuku wa jirani. Tadei alitabasamu na kuendelea kukwangua soli.

Tukaanza kupanga. Nisiseme uongo, tulipanga vizuri. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Wanaume wanne kubeba msalaba kwa zamu, kila zamu robo saa. Kamba ndefu kutoka kwa Kajetani, filimbi yangu ya shuleni, karatasi za nailoni za kujifunika mvua. Lilizuka suala la chakula, kwa kuwa Ijumaa Kuu ni siku ya kufunga na mlima hautaki mtu mwenye njaa. Padre aliruhusu wagonjwa na wazee wanywe togwa. Jumapili iliyofuata wagonjwa walikuwa wameongezeka mno. Viatu vilitoka kwenye meza ya Tadei mwenyewe, raba za kila rangi, nyingine mguu mmoja mkubwa kuliko mwenziwe. Bibi Kunegunda, mwenye miaka sabini na moja, alichagua za kijani zilizomzidi, akasema atajaza pamba mbele.

"Bibi, shikamoo," Tadei alimwambia. "Wewe baki utuombee huku chini. Kule kuna mawe yanateleza."

"Marahaba. Nimezaa watoto tisa," Bibi Kunegunda alijibu. "Hayo mawe yamezaa wangapi?"

Kila kizuizi alichokileta Tadei kilipata jibu la namna hiyo. Alitaja nyoka, wakamwambia atatembea mbele. Alitaja ukungu, wakamwambia yeye anaijua njia hata akifumba macho. Alisema afadhali tuishie kwenye misonobari, mahali pazuri, pana kivuli. Nilipaza sauti: "Mmeona? Anatamani kitanda chake!" Sikumtazama usoni niliposema hivyo, nilikuwa natazama wanaocheka.

Vituo kumi na vinne vilihitaji mahali pake. Nilikwenda kwake na daftari ili anitajie kila kituo kitakuwa wapi. Alikaa kwenye kigoda, mikono ameishikilia magotini, akanitajia polepole huku anatazama ukuta. Kituo cha kwanza, mwanzo wa misonobari. Cha pili, kijito cha kwanza. Cha tatu, daraja la magogo. Cha nne, jiwe la kiti. Cha tano, mkuyu uliopasuka. Akaendelea hivyo mpaka cha kumi na mbili, kwenye nguzo ya saruji, pale ambapo Yesu anakufa, kisha viwili vya mwisho hatua chache pembeni. Hakusita hata mara moja. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, nikadhani ni ibada.

Katikati ya Machi dada yangu alikuja kwangu kuomba chumvi, akakaa bila kuichukua.

"Mlamu wako hali chakula," alisema. "Asubuhi kabla ya kunawa uso anatoka nje, anasimama anautazama ule mlima. Jana nimemkuta analia, Lukresia. Nimemwuliza, ananiambia moshi wa kuni. Jiko halijawashwa."

Nilimwambia labda anaomboleza kazi yake. Wanaume wengi waliopunguzwa walikuwa hivyo mwaka ule. Leticia alitikisa kichwa, akasahau chumvi akaondoka.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Sipeleki watoto hata mtoni bila kuukanyaga mto kwanza. Nikamwambia Tadei kwamba kabla ya Ijumaa lazima nivione vituo vyangu. Alisema mguu unamwuma. Juma lililofuata alisema ana mzigo wa kuupokea sokoni. Mwishowe nilimwambia mbele ya Kajetani, akakosa pa kupitia. Tulipanga Jumanne ya Juma Kuu, shule ikiwa imefungwa. Kwa kuwa haipendezi mtu na shemeji yake kuingia msituni wawili peke yao, Leticia alikuja nasi.

Tuliondoka alfajiri. Misonobari ilikuwepo, kijito kilikuwepo, daraja la magogo lilikuwepo, bovu kidogo. Niliweka alama kwenye daftari langu kwa furaha. Tadei alitembea mbele kwa haraka, na kila nilipomchokoza alijibu kwa kuguna. Baada ya daraja njia ikawa nyembamba, halafu ikawa majani yaliyolala tu, halafu sikuona njia. Msitu ulibadilika. Miti ilikuwa minene, imefunikwa kuvu, na chini palikuwa na giza ingawa ilikuwa saa tatu. Tulipanda tukishika mizizi. Nilihema, Leticia alihema, na tulipokaribia saa tano nikauliza jiwe la kiti liko wapi.

"Hapo mbele," alisema Tadei.

Tukaenda hapo mbele. Hapakuwa na jiwe. Akakata kushoto, tukakata naye. Akarudi kulia. Nikaona tawi nililolivunja mwenyewe nilipojishikilia, nikaelewa kwamba tumepita pale nusu saa iliyopita. Nikataka kusema mzaha, nikauacha.

Ndipo ukungu ulipoingia. Haukuja kutoka mahali fulani nikauona unakuja. Niliona tu kwamba simwoni Leticia, na yeye alikuwa umbali wa mkono wangu. Nilimshika khanga. Kulikuwa kimya, matone tu yakidondoka kwenye majani, na mahali fulani kitu kizito kilitembea, kikasimama, kikatembea tena. Mimi ambaye nimefundisha madarasa ya watoto themanini bila fimbo nilijificha nyuma ya dada yangu.

"Tadei!" Leticia aliita. "Tuongoze. Tushuke."

Tulimsogelea kwa kupapasa. Alikuwa ameukumbatia mti kwa mikono yake yote miwili, shavu limegandamizwa kwenye gome, macho ameyafumba.

"Siijui njia," alisema. "Sijawahi kuijua. Sijafika kule juu hata siku moja."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kama kilivyotoka miaka yote ile. Nikasema, "Haya, mlamu, umeshinda, sasa tupeleke nyumbani."

Tadei alifumbua macho akanitazama. "Usicheke," alisema. "Nilikuambia siku ya ubatizo wa mtoto wa Kajetani, mwaka themanini na tisa. Nilikuwa nimekunywa pombe ya komoni ili nipate nguvu ya kukuambia. Nilikuambia, mlamu, mimi kule juu sijafika, nisaidie. Ukasimama ukawatangazia watu wote. Wakacheka, nami nikacheka."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata gauni nililovaa.

Akatueleza hapo hapo, huku bado ameshikilia mti. Doria yake ya kwanza, mwaka 1982, alikwenda peke yake. Ukungu ulimkuta saa nne asubuhi katikati ya msitu. Alisikia kengele ya kanisa chini mjini, lakini mlio ulitoka pande zote, akashindwa kujua mji uko wapi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Alikaa ameshika mti mpaka saa kumi, akiwaza kwamba atakufa pale na hakuna mtu atakayejua mwili wake uko wapi. Ukungu ulipofunguka alishuka akikimbia, akatokea upande wa barabara ya Tunduru, akazunguka kurudi nyumbani. Siku ya kuandika taarifa alifungua daftari la zamani la Hironimus, mlinzi aliyemtangulia, ambaye alikuwa marehemu. Akanakili. Jiwe la kiti, mkuyu, chemchemi, chui, vyote vilikuwa vya Hironimus. Mwezi uliofuata akanakili tena. Jumanne zake zote alizimaliza kwenye misonobari, na matope aliyapata kijitoni.

"Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitapanda kweli," alisema. "Nikifika pale darajani miguu inakataa."

Leticia aliketi pale pale, akanivuta kwa khanga.

Tulikaa chini, tumeshikana khanga, karibu saa moja na nusu. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Ukungu ulipoanza kupasuka niliona kwanza miguu yangu, halafu majani, halafu nikaona kwamba hatua tatu mbele ya Tadei hapakuwa na kitu. Lilikuwa korongo, limefunikwa juu kwa matawi, na chini kabisa maji yalisikika. Kama asingeuona ule mti akaukumbatia, angekuwa huko. Nasi tungekuwa nyuma yake.

Tulishuka tukifuata matawi tuliyoyavunja. Niliteremka na yale majina thelathini na moja kichwani. Niliyapitia moja moja kama mahudhurio ya asubuhi, na kila jina nililiona linatembea kwenye ukungu, nyuma ya mwenzake, kuelekea pale matawi yalipofunika. Raba za kijani zilikuwa katikati ya mstari.

Darajani nilimwambia Tadei lazima aseme kesho kwenye kikao. Alisema atasema. Alisema pia kwamba jina lake litakufa Songea nzima, na kwamba huenda wakaja kumdai mishahara ya miaka kumi na mitatu. Aliogopa hayo yote, lakini kwa jinsi alivyogeuka kuutazama mlima nilijua kwamba Ijumaa aliiogopa zaidi.

Jumatano saa kumi jioni wote walikuwepo uani kwa Kajetani. Msalaba ulikuwa umekamilika, umeegemezwa ukutani, ukinukia mbao mbichi. Watu walikuwa wamevaa raba zao mpya ili zilainike. Kajetani alisali, kisha akampa Tadei nafasi ya kutoa maelekezo ya mwisho.

Tadei alisimama. Alikuwa amefunga vifungo vyote.

"Ndugu zangu," alisema, "sitaweza kuwaongoza. Sijawahi kufika kileleni. Miaka yote niliandika uongo."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani, wakafuata wengine. Kajetani alimpiga begani.

"Huyu Bwana Kilele leo ana unyenyekevu wa Kwaresima!" alisema. "Na wewe mlamu wako amekuambukiza utani wake?"

"Ninasema kweli," alisema Tadei. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wakazidi kucheka, kwa kuwa alikuwa akiigiza vizuri.

Nikasimama mimi. Nilijua watanisikiliza, mwalimu, katibu, mtu mwenye filimbi. Nikasema, "Ni kweli. Jana nimekwenda naye. Hajui njia. Kuna korongo huko juu, tulibaki hatua tatu tufe."

Sijawahi kuchekesha watu kama siku ile. Bibi Kunegunda alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mwanamke mmoja aliniomba nirudie habari ya kujipaka matope, ile ya harusini. Nilikasirika, nikapiga kelele, nikagonga daftari kwenye benchi, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyoona kwamba mwaka huu nimejiandaa. Ilikuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeitangaza kweli hiyo kwa miaka kumi na mitatu mpaka ikawa haifai tena kwa kitu chochote, na sasa watu hawa wangekwenda. Kajetani alikuwa ameshaanza kusoma zamu za kubeba msalaba. Nilisimama pale nikaona kwamba wangekwenda kweli, na hofu niliyoipata ilikuwa mbaya kuliko ya ukungu.

Leticia hakuwa mtu wa kusema kwenye vikao. Katika jumuiya alijulikana kwa kupika. Tangu tushuke mlimani hakuwa amesema na mumewe hata neno moja, na mimi nilikuwa nimemwogopa. Alisimama polepole kutoka kwenye benchi la wanawake, akangoja.

"Mimi siyo mtani wake," alisema. "Mimi ni mke wake."

Kajetani aliacha kusoma.

"Kila Jumanne ya mwisho wa mwezi nilikuwa sili mpaka niione sare yake inakuja," alisema. "Hata nilipokuwa na mimba ya wa mwisho. Nilimwambia Mungu, ukimrudisha, hiki chakula nitakila naye. Miaka kumi na mitatu. Jana mbele yangu amesema alikuwa anakaa kwenye misonobari. Nimeliona korongo pia. Anayetaka kwenda Ijumaa aende, lakini asiseme hakuambiwa."

Alisema hivyo bila kupaza sauti, na aibu ilimjaa usoni nikaiona, maana hakuna mke anayependa kusimama mbele za watu na kumvua nguo mumewe. Hakuna aliyecheka. Nilisikia mtu anavua raba zake.

Kajetani aliuliza, sasa kwa sauti ya kawaida, "Tadei. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Watu waliangalia chini. Kulikuwa na hasira pale, nisifiche. Mmoja alianza kusema kuhusu watoto wake wawili walioandikishwa, akashindwa kumaliza. Tadei alisimama peke yake karibu na msalaba, mikono yake mirefu inaning'inia, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Bibi Kunegunda aliinuka. Alikwenda mpaka alipo Tadei, raba zimemzidi, zikiburuza. Nilidhani anakwenda kumzaba kofi, na kwa umri wake angekuwa na haki.

"Mwanangu," alimwuliza, "ulikuwa unaogopa nini huko?"

Tadei akasema, "Kufa peke yangu, Bibi. Nikafa, na mtu asijue niko wapi."

Bibi Kunegunda alimshika mkono.

"Sasa si ungesema?" alimwambia. "Tungekusindikiza."

Hapo ndipo Tadei alipolia, mbele za watu, kama mtoto. Leticia alikuwa bado amesimama. Alikaa, akasogea kidogo kwenye benchi la wanawake, akamwachia nafasi. Tadei alipita katikati yetu akaenda kukaa pale. Nami nilitaka kumwambia neno, hata moja la kumwomba radhi, lakini nilijua kwamba nikifungua mdomo tu, wote watageuka tayari kucheka.